Mkonga kutoa moshi: usikimbilie oveholi, pima nozeli kwanza

Mkuu, hiyo hela ya oveholi (kufumua injini yote) irudishe mfukoni kwanza. Kwa ulivyoeleza, mkonga wako, yaani Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, ukiuwasha asubuhi unatoa moshi mweupe na injini inatetemeka, ikishapata moto mweupe unakata, afu ukipanda mlima na mzigo unatoa mweusi tii, na fundi kasimama nyuma ya ekzosi dakika mbili akasema ringi za pistoni zimekwisha. Ringi zikiisha moshi unakuwa wa bluu bwana, na oili unaongeza kila wakati, wewe hujasema popote kama oili inapungua.

Nina gari yenye injini hiyohiyo inapiga kazi Iringa mpaka Makete, vumbi na milima tu, na ilinifanyia hivyohivyo. Mweupe wa asubuhi ni dizeli ambayo haijaungua, unusie utaona unawasha macho. Mweusi ni dizeli imezidi hewa. Sasa ukiona gari moja ina vyote viwili, nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya silinda, ndo mshukiwa wa kwanza, maana badala ya kupuliza inadondosha, injini ikiwa baridi hayo matone hayaungui kabisa na ikiwa ya moto yanaungua nusunusu.

Kuijua ni ipi hakuhitaji kompyuta. Injini ikiwa silensa (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), zungushia kitambaa nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli ya kwanza, ilegeze kidogo na spana, sikiliza. Kama silinda ilikuwa inafanya kazi injini itaanza kukohoa hapohapo. Kaza, nenda ya pili. Yangu tulipofika ya nne tukalegeza na mlio haukubadilika hata kidogo, na kijana aliyekuwa kule nyuma akapiga kelele kwamba moshi umekata. Tukazitoa zote sita tukapeleka kwa fundi pampu, akawa anazifunga kwenye mashine anasukuma kile kimkono, nzima inatoa ukungu mwembamba na kuunguruma "krrr", hiyo ya nne ikatoa mrija wa dizeli na ukabaki na tone linaning'inia mdomoni. Ilibadilishwa midomo tu, bodi zikabaki zilezile. Wakati wa kurudisha hakikisha anaweka washa (vile vipete vya kuzibia) mpya kule chini, mafundi wengi wanarudisha za zamani na kesho unavuja kompresheni (mgandamizo wa hewa kwenye silinda) unaanza kutafuta mchawi.

ILA hii ya kulegeza nati ni kwa injini za pampu ya zamani tu kama 1HZ, 3L, 5L. Wenye D-4D na koman reli, zile dizeli za kisasa za kompyuta, msiguse kabisa, mle kuna presha ya zaidi ya bar 1,000, dizeli inapenya ngozi na unaweza kukatwa mkono hospitali, sitanii.

Kabla ya hapo lakini toa eya klina (chujio la hewa) uiangalie. Kwenye barabara za vumbi inaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema na hiyo peke yake inatosha kukupa mweusi. Hita plagi nazo, zile zinazopasha silinda joto wakati wa kuwasha, toa ule ubapa wa shaba unaoziunganisha, chukua taa ya kupimia uiunge chanya ya betri na kichwa cha kila plagi, isiyowasha taa imekufa.

Kingine, uliza kama kuna mtu aliwahi kugusa skrubu ya pampu ya dizeli. Kuna mafundi ukilalamika gari haivuti wanaifungua dizeli izidi, mnaondoka mnafurahi, kumbe injini inapikwa na pistoni ndo zinalipa. Na ujue 1HZ haina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada, hewa inapungua karibu asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, kwahiyo pampu iliyosetiwa Dar ukifika nayo Makete, zaidi ya mita 2,000, mweusi kidogo mlimani ni kawaida yake, huo usikunyime usingizi.

Kama bado una wasiwasi na ringi, injini ikiwa ya moto inaunguruma fungua kifuniko cha kujazia oili. Kamvuke kidogo sawa, ila kama inapumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, hapo fundi wako ana hoja, na hata hapo mwambie alete geji ya kompresheni ya dizeli maana ile ya petroli haifiki. Tofauti kati ya silinda na silinda ndo itakwambia. Na kama mweupe haukati hata injini ikiwa ya moto na maji ya rejeta yanapungua, basi ni gasketi ya silinda hedi, hiyo habari nyingine kabisa na usiendelee kuiendesha.

Anza na eya klina na zile nati. Afu utuambie maji yanapungua au la, na huyo aliyekuuzia alikuwa anaitumia wapi.