Kumdahili Mwanafunzi wa Uzamili Ni Nusu ya Kazi

Jopo la udahili likiketi bila vigezo vilivyoandikwa, huishia kuchagua watu wanaofanana na wanajopo. Neno linalowaponza waombaji wengi ni "ameiva". Kila mjumbe huliona kivyake, na mara nyingi maana yake ni kwamba katoka chuo tunachokijua. Andikeni vigezo vinne au vitano kabla ya kufungua faili la kwanza, kila kimoja kiwe na alama 1 hadi 4, na kila alama ielezwe kwa maneno. Watu wawili wasome kila faili, kila mmoja peke yake, na wakabidhi alama kabla ya kikao. Mkianza kwa mazungumzo, mwenye cheo akishatamka, wengine humfuata.

Barua za mapendekezo zisomwe kwa tahadhari. Aliyesoma katika darasa la watu 300 huenda hajulikani kwa jina na profesa hata mmoja, hivyo barua yake itakuwa fupi na baridi, bila kosa lake. Ruhusuni barua moja itoke kwa mkuu wake wa kazi. Msamaha wa ada ya maombi nao uwe wa kutia tiki tu. Kumtaka mtu aeleze umaskini wake kwa insha ni kumfukuza kwa adabu.

Mwanafunzi akishafika chuoni, hapo ndipo wengi hupotezwa. Katika mwezi wa kwanza, mwanafunzi na msimamizi waandike makubaliano ya kurasa mbili: watakutana mara ngapi, rasimu itarudi baada ya siku ngapi (14 zinatosha kwa sura moja), jina la nani litatangulia kwenye makala, na nani wa kumwendea mambo yakiharibika. Aliyelelewa na wasomi anajua kwamba profesa hukumbushwa. Mwenzake atangoja miezi mitatu akiamini sura yake ni mbovu, kumbe haijafunguliwa. Msimamizi wa pili awepo tangu mwanzo, kwa sababu anayemtegemea mtu mmoja kwa posho, saini na barua hawezi kumlalamikia.

Kuhusu fedha, acheni utaratibu wa "lipa kwanza, utarejeshewa". Asiye na akiba hujitoa kwenye mkutano wa kitaaluma kimyakimya, na idara hudhani hana ari. Toeni masurufu, yaani fedha za safari kabla ya safari yenyewe, au idara ilipe nauli na kiingilio moja kwa moja.

Mwenye ulemavu asilazimishwe kumweleza msimamizi ugonjwa wake. Ofisi husika impe msimamizi orodha ya mahitaji tu. Na makala zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa zigeuzwe kuwa maandishi, maana programu inayomsomea asiyeona maandishi ya skrini kwa sauti huona picha tupu.

Kosa la mwisho hufanywa kwa nia njema: mwanafunzi pekee wa kundi lake katika idara, kwa mfano mwenye ulemavu, kuingizwa katika kila kamati ya usawa. Tasnifu yake inachelewa. Mlipeni kwa saa hizo, au mpunguzieni vipindi vya kufundisha.