Uliza Ujibiwe: mkasi wa jeni, sikoseli na migomba ya gonja

Shikamoo dokta. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, ana sikoseli, na mwaka huu ameshalazwa mara kadhaa. Mdogo wangu aliyeko Marekani kanitumia voisi kwamba kule kuna tiba wanarekebisha jeni na mtu anapona kabisa. Ni kweli au ndo zile habari za WhatsApp? Na kwetu ipo? (Mama, Mbagala)

Marahaba mama, na pole sana na mtoto. Mdogo wako hajakudanganya. Tiba inaitwa Casgevy, Uingereza waliipitisha Novemba 2023 na Marekani wakafuata mwezi uliofuata, kwa wagonjwa wa miaka 12 kwenda juu. Kwenye utafiti, wagonjwa 31 walifuatiliwa muda wa kutosha na 29 kati yao walikaa angalau mwaka mzima bila yale maumivu makali ya kulazwa. Kwa mtu anayeijua sikoseli hiyo sio namba ndogo.

Ila voisi ya dakika mbili haiwezi kukuambia safari yenyewe ilivyo. Wanamchuja mgonjwa damu kwenye mashine wanatoa seli mama zinazotengeneza damu, zinapelekwa maabara zinahaririwa, halafu mgonjwa anapigwa kemo kali ya kufuta uloto wake wote ndo arudishiwe zile seli, hapo anakaa wodini wiki kadhaa kinga ya mwili ikiwa chini kabisa, na kemo hiyo inaweza kuharibu uzazi. Bei yake Marekani ilitangazwa dola milioni 2.2, zaidi ya shilingi bilioni 5, kwa mtu mmoja. Na nchi yetu inakadiriwa kuzaa watoto wenye sikoseli kama 11,000 kila mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe.

Kitu ambacho wengi hawajui, ile herufi ya DNA iliyoharibika hawaigusi hata. Sikoseli inatokana na herufi moja tu, kwenye jeni ya hemoglobini panapotakiwa kusomeka GAG panasomeka GTG, basi, hiyo T moja ndo inamlaza mwanao. Casgevy inakwenda sehemu nyingine kabisa, inatumia mkasi wa jeni, yaani CRISPR, kukata swichi ya jeni iitwayo BCL11A ambayo kazi yake ni kuzima hemoglobini ya utotoni, ile tuliyokuwa nayo tumboni. Swichi ikikatwa hemoglobini ya utotoni inarudi, na yenyewe haina ubovu huo.

Kwa sasa mama, kwa umri wake, ulizia kliniki kuhusu dawa ya haidroksiurea kama hajaanza, maana inapunguza maumivu na kulazwa na inapatikana hapa hapa. Pia Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma wanapandikiza uloto kwa watoto wenye sikoseli, ila kwa kawaida anahitajika ndugu wa baba mmoja mama mmoja anayeendana naye, kwa hiyo kama ana kaka au dada wazima liulizie na hilo.

Bro, sisi shuleni tumefundishwa CRISPR ni mkasi wa kukata DNA, imeisha. Sasa nakutana na mambo ya kubadili herufi bila kukata, mara Cas13 ya RNA, ile nakala ya muda ya jeni. Hivi ni vitu tofauti au kimoja? Na mtu ahariri RNA ya nini wakati yenyewe inaoza tu? (Kidato cha sita, Iringa)

Swali zuri mdogo wangu, na hilo jina la mkasi limetuchelewesha wengi. Ichukulie kama trekta. Trekta lenyewe kazi yake ni kufika shambani, nyuma unafunga plau, kesho haro, keshokutwa tela.

Trekta la CRISPR ni Cas9, protini ya bakteria wanayoitumia kujilinda na virusi. Inabeba kipande cha RNA chenye herufi kama 20 za kuiongoza, inatembea kwenye DNA ikitafuta sehemu inayofanana na hizo 20, na pembeni yake lazima pawe na GG, isipoiona inapita. Ukitaka kuipeleka kwenye jeni nyingine hubadilishi protini, unaandika upya herufi 20, na hilo ndo lililowapa wanasayansi Charpentier na Doudna Nobel ya 2020.

Sasa mwaka 2016 maabara ya mwanasayansi David Liu kule Marekani wakafikiria, kwani lazima ikate? Wakaipunguza makali Cas9 isiweze kukata nyuzi zote mbili, wakaigandisha kwenye kimeng'enya kinachogeuza C kuwa T. Mwaka uliofuata wakatoa cha A kuwa G, na hapo palikuwa na kazi kwelikweli maana kimeng'enya cha kufanya hivyo kwenye DNA hakikuwepo duniani, ikabidi wachukue cha RNA cha bakteria wakilee kizazi baada ya kizazi maabara mpaka kikakubali DNA.

Ukirudi kwenye sikoseli ya yule mama hapo juu utaona utamu wake. T ya GTG hawa wahariri (ndo tunavyoviita hivi vifaa vya kubadili herufi) hawawezi kuirudisha iwe A, hawana hiyo njia. Wanaloweza ni kuigeuza C, kwa kubadili A inayoikabili kwenye uzi wa pili iwe G, ikasomeka GCG, na GCG sio hemoglobini ya kawaida lakini kuna watu wanazaliwa nayo, inaitwa Makassar kwa jina la mji wa Indonesia, na haiwaletei sikoseli. Kwa panya imeshajaribiwa na ikafanya kazi. Mimi hii ndo naipenda kuliko zote, huwezi kusahihisha kosa basi unalibadilisha liwe kosa lisilodhuru.

Kwenye RNA unabadili trekta lenyewe, unatumia Cas13 inayoshika RNA tu, 2017 kundi la mwanasayansi Feng Zhang wakaifunga kimeng'enya cha ADAR ambacho hata sisi tunacho mwilini, kinageuza A isomeke kama G. Na kuhusu kuoza, hiyo ndo faida yenyewe! Ukikosea kwenye DNA ya seli umekosea moja kwa moja, ukikosea kwenye RNA unaacha dozi na baada ya muda kosa linaondoka. Kwa ugonjwa wa kurithi wa maisha yote mimi ningechagua DNA, ila kitu cha kupita kama uvimbe au maumivu, ya nini kumwandikia mtu kovu la milele.

Halafu usisahau kufikisha mzigo. 2025 kule Philadelphia mtoto mchanga anayejulikana kama KJ, ambaye ini lake lilishindwa kuondoa amonia, alitengenezewa mhariri wake peke yake ndani ya miezi kama sita, kasi hiyo iliwezekana kwa sababu vipande vilikuwepo tayari, na pia kwa sababu vile vitone vya mafuta wanavyobebea dawa vikiingia kwenye damu vinakimbilia ini vyenyewe. Uloto haufikiki kirahisi hivyo, ndo maana wenye sikoseli bado wanapigwa kemo.

Nasikia Nairobi wamehariri migomba ya gonja. Hiyo si GMO tu kwa jina la kisasa? (Mkulima, Muleba)

Ni kweli, ni timu ya mtafiti Leena Tripathi wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, walitoa matokeo 2019. Kuna virusi vya michirizi ambavyo DNA yake imejificha ndani ya jeni za gonja, mgomba ukipata shida kama ukame vinaamka. Waliikata DNA hiyo, na asilimia 75 ya migomba iliyohaririwa haikuonyesha ugonjwa hata ilipobanwa maji. Ila swali lako lina mashiko, maana ili kukata walimwingizia mgomba jeni ya Cas9, na kwa mahindi unaiondoa baadaye kwa kuchavusha, gonja haina mbegu utaichavusha vipi? Kenya walitoa mwongozo wao 2022, wanaangalia kila zao kivyake, kisichobaki na DNA ngeni kinaweza kuchukuliwa kama mbegu ya kawaida. Kwa hiyo migomba ile ya mwanzo mimi naiita GMO bila kigugumizi, ila ikipatikana njia ya kumpa mgomba Cas9 ikiwa protini tupu, ikate halafu ioze, hapo jibu langu litabadilika.