Ramani haina mashimo

*Safu ya maswali ya safari. Anayejibu aliendesha malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Zambia kwa miaka 19. Siku hizi analima viazi Uyole na anaangalia ndege.*

SWALI

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia huku Tukuyu. Mimi, mume wangu na shemeji yangu tuna mwaka wa tatu sasa tunaangalia ndege, hasa msitu wa Rungwe na Ziwa Ngosi. Likizo ya Juni tumepata siku tisa na tunataka kutoka nje ya nchi kwa gari. Nimechora mzunguko: tunavuka Kasumulu kuingia Malawi, tunapanda hifadhi ya Nyika kumwona mbayuwayu buluu, tunashuka Liwonde, tunaingia Zambia kwa Chipata, tunapita Luangwa Kusini, tunakata hadi Mpika, tunaenda Kasanka kwa wale popo wengi, kisha mabwawa ya Bangweulu kwa ndege korongo-nyangumi, tunarudi kwa Tunduma. Kwenye ramani inawezekana. Mume wangu anasema nimerukwa na akili. Gari ni Noah yetu, au Hilux ya shemeji akiwa na moyo. Utuamue.
— Mwalimu, Tukuyu

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Mume wako kasema kweli, ila ugonjwa huo naujua na hauui.

Mzunguko wako nimeupima kwa kidole kilekile nilichopimia njia za mzigo. Unapita kilomita 3,000 na unavuka mpaka mara tatu. Ukigawanya kwa siku tisa utapata kilomita mia tatu na kitu kwa siku, utasema mbona ni Mbeya hadi Iringa tu, na basi hufika watu wakanywa chai. Sawa, lakini abiria wa basi haangalii ndege. Ndege anaamka saa kumi na mbili, anachangamka mpaka saa nne, halafu kimya mpaka jua lipoe. Saa hizohizo nyinyi mtakuwa mnafunga mizigo, mnatafuta mafuta, mnapanga mstari forodhani. Mtarudi mmeona kunguru wa stendi nchi nzima.

Na hapo ulipoandika "tunakata hadi Mpika" ndipo niliposhika kichwa. Kwenye ramani Luangwa na Mpika ni pua na mdomo. Katikati yake imekaa kingo ya Muchinga. Njia inayopanda pale ni ya mawe na mito, inataka gari la kazi na dereva asiye na haraka. Asiyeiweza anazunguka kwa Lusaka, na hapo siku mbili zimeliwa. Ramani haina mashimo, Mwalimu. Wala haina foleni.

Sasa tukate. Mkasi wangu unaanza na swali moja: ndege huyu nyumbani hayupo?

Mbayuwayu buluu yupo. Anazaliana kwenye nyasi za Kitulo, juu ya kichwa chako hapo. Unapanda kwa Isyonje na umefika hifadhini. Tena hata mngefika Nyika, Juni msingemkuta. Yeye huja kwenye nyanda zetu za juu na mvua. Baridi ikiingia huwa ameshakwenda kaskazini, Uganda na magharibi ya Kenya. Tandawala wa Denham naye yuko Kitulo. Nyika ni pazuri, sikatai, lakini ni pacha wa Kitulo. Iwekeni Desemba, siku nne, mkavukie Kasumulu mlango wa nyumbani. Popo wa Kasanka nao futa: hufika mwishoni mwa Oktoba na kuondoka Desemba. Mkienda Juni mtaukuta msitu wao mtupu. Liwonde na Luangwa zinataka safari yake peke yake, sina la kuongeza.

Aliyebaki ni korongo-nyangumi, yule mwenye mdomo kama buti la mvua lililolazwa. Najua utasema hata kwetu yupo, kwenye mabwawa ya Malagarasi na Moyowosi. Yupo, lakini mpaka mmfikie huko kutokea Tukuyu, likizo imeisha. Na kwa bahati yenu Juni ni mwezi wake pale Bangweulu: maji yameanza kushuka kiasi gari linapita, lakini hayajashuka hadi ndege akimbilie katikati ya dimbwi. Kwa hiyo safari yenu ni Zambia tu, barabara moja kwenda na hiyohiyo kurudi. Haipendezi kwenye ramani kama duara lako. Inafaa.

Siku ya kwanza msifanye ushujaa. Tokeni Tukuyu baada ya chakula cha mchana, mkalale Tunduma. Alfajiri vukeni. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo mkivuka saa moja asubuhi, Nakonde ni saa kumi na mbili. Hiyo saa ya bure itumieni vizuri, maana mkirudi mtaidaiwa. Kutoka hapo hadi Mpika, kupitia Isoka na Chinsali, ni karibu kilomita 380. Malori ni mengi, nami nilikuwa mmoja wao, kwa hiyo siwatukani. Mkiona matawi mabichi yamelazwa lami, punguzeni mwendo mara moja: mbele kuna mwenzenu amekufa gari, na mara nyingi taa hana. Usiku msiendeshe kabisa. Laleni Mpika, na kesho yake jazeni tangi na dumu moja la akiba kabla ya kuondoka.

Ukipita sokoni Mpika, mwalimu wa historia, ulizia chikanda. Ni chakula cha viazi vya okidi na karanga, kinakatwa vipande kama keki. Viazi hivyo kwa miaka mingi vimechimbwa Makete na kupitishwa Tunduma kwa magunia, na uchimbaji huo ni sababu mojawapo ya Kitulo kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Mimi nimewahi kukipanda, kwa maana ya kukalia mzigo wake, kabla sijajua ni kitu gani. Kula kipande kimoja uone. Ni kitamu, nasikitika kusema.

Siku ya tatu nendeni Mutinondo, mwendo wa saa moja hivi kusini ya Mpika, kisha kilomita 25 za vumbi. Ni miombo tupu na majabali ya mviringo kama Gangilonga pale Iringa, ila mengi na hayana nyumba. Nyinyi watoto wa msitu wa mvua, miombo itawababaisha. Mtatembea nusu saa hamsikii kitu mkadhani ndege wamehama. Halafu kundi linafika lote kwa mpigo, chozi, zuwakulu, kigong'ota, kila aina mmoja au wawili, linapita juu ya vichwa vyenu kama wanafunzi waliosikia kengele. Msilikimbilie lililopita. Kaeni mti uleule, liko jingine nyuma. Kando ya vijito tafuteni kulukulu wa zambarau mwenye mdomo wa manjano.

Siku ya nne angalieni ndege hadi saa nne, ndipo mshuke kuelekea Serenje. Kabla ya kufika mji huo mtakata kulia kwenda Kasanka. Ni hifadhi ndogo, kama kilomita za mraba 390, na udogo huo ndio dawa ya mtu asiye na muda. Jioni pandeni kile kichanja cha Fibwe kilicho juu ya mti mwone nzohe, swala wa majini, wakitoka kwenye mafunjo. Asubuhi ya siku ya tano fuateni mto Luwombwa mkatafute keremkerem wa Böhm na bundi-mvuvi. Saa nne mko njiani kwenda Chikuni, mlango wa mabwawa ya Bangweulu, na hiyo ni nusu siku na ziada ya vumbi.

Katikati hapo kuna kibao cha Chitambo, alikofia Livingstone mwaka 1873. Najua huwezi kupita. Nakupa saa moja, na ukiwa pale usimsahau Chuma na mwenzake Susi, watumishi wake waliouzika moyo wake chini ya mti na kuubeba mwili hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874. Ukianza kulalamika kiti cha Hilux kinauma, hesabu miezi yao.

Siku ya sita yote ni ya korongo-nyangumi. Agizeni mwongozaji mapema, msifike Chikuni mikono mitupu mkitegemea bahati, maana wavuvi wa pale ndio wanaojua ndege yuko wapi, na baadhi yao hulipwa kulinda viota. Mtakwenda kwa mtumbwi, mnashuka, mnatembea juu ya nyasi zinazoelea, zinabonyea kama godoro la sufi lililolowa. Ukisimama sana sehemu moja unazama hadi goti. Njiani mtawakuta lechwe weusi, aina ya swala ambao hawapatikani popote ila bonde hilo, na korongo wakubwa wenye ndevu mbili nyeupe kidevuni.

Mimi nilimkuta saa mbili na nusu asubuhi. Nilidhani ni kisiki. Rangi ni ile ya jivu la mkaa likishapoa, na jicho jeupejeupe linakutazama kama mkaguzi. Dakika arobaini hakutikisa hata unyoya, na mimi mguu mmoja umeshazama nikaogopa kuuchomoa nisimshtue. Mara akaanguka. Sikosei neno: aliangukia mdomo wake, mabawa yamefunguka, kama mtu aliyekwaa kwenye ngazi. Akainuka na bonge la nyasi, akalichekecha taratibu, nyasi zikatoka pembeni ya mdomo, ukabaki mkia wa kambare unapigapiga. Akameza. Akarudi kuwa kisiki. Mwongozaji wangu, ambaye humwona kila wiki, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Siku ya saba ondokeni alfajiri, jioni mko Mpika. Siku ya nane vukeni, laleni Mbeya. Ya tisa ni akiba. Msiijaze kitu. Ikibaki salama, mtakuwa mmefika nyumbani mapema, mkafue.

Gari: Noah ibaki Tukuyu ipeleke watu Kyela. Tumbo lake liko chini, na njia ya Chikuni italifungua kama kopo. Mbembelezeni shemeji. Lakini Hilux ikiwa ya kwake na usukani ukiwa wa mume wako, chukueni barua ya idhini iliyogongwa muhuri na wakili, hata kama shemeji mwenyewe amekaa kiti cha nyuma. Mwaka fulani nilivuka na pikapu ya kaka yangu bila barua hiyo, nikalala mpakani siku mbili nikimpigia simu kaka ambaye alikuwa harusini Makambako na simu iko mfukoni mwa koti alilolivua. Huko ndiko nilikoanza mambo ya ndege, kwa kweli. Juu ya uzio kulikuwa na kwera dume anafuma kiota. Alikuwa akileta ujani mmoja, anaupitisha, anauvuta kwa mguu, anakwenda. Jike akaja siku ya pili, akakagua, akaondoka bila neno. Dume akakibomoa chote akaanza upya. Nikasema huyu ana matatizo kuliko mimi.

Karatasi nyingine: kadi halisi ya gari, kibali cha kulitoa nchini kwa muda na kile cha kuliingiza Zambia, bima ya COMESA, na pasipoti. Viza Mtanzania hadaiwi. Zambia mtalipia gari ushuru wa hewa ukaa na wa barabara. Risiti zote ziwekeni bahasha moja kwa sababu njiani mtaulizwa. Kadi za njano ni mbili, ya bima ya gari na ya chanjo ya homa ya manjano, watu huleta moja wakadhani wamemaliza. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa mwaka 2019 mnamaliza ya nchi zote mbili mahali pamoja, lakini msiwape vijana wa mlangoni bahasha yenu wawasaidie. Na darubini ikae ndani ya begi mpaka mtoke mji. Askari haamini kwamba unamtazama shomoro.

Ukirudi uniandikie. Na mume wako mwambie kichaa kimepungua, hakijaisha.

SWALI

Kamwene mzee. Nataka kununua darubini ya kwanza. Muuzaji ananiambia inayokuza mara 20 ndiyo kiboko. Kweli?
— Mkulima wa miti, Mafinga

JIBU

Kamwene. Si kweli. Ikikuza mara 20 mkononi, kila pigo la moyo wako linamrusha ndege nje ya kioo. Chukua iliyoandikwa 8x42: inakuza mara nane, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42, kinakusanya mwanga wa kutosha hata ukungu wenu wa Mafinga. Toka nayo nje ya duka kabla ya kulipa, soma kibao cha mbali. Kama unavaa miwani, zungusha raba za machoni zirudi ndani kwanza, bila hivyo utaona duara jeusi na kumgombeza muuzaji bure.