Kabla hujamwachisha mtoto tiba

Kazi yangu ni tiba ya kisaikolojia kwa watoto, na ni nadra mtoto kuniambia mwenyewe kwamba hataki tena kuja. Wanaoacha ni wazazi. Kikao kinaahirishwa, kinaahirishwa tena, simu haipokelewi, basi. Alan Kazdin wa Chuo Kikuu cha Yale, aliyelichunguza suala hili kwa miaka mingi, alikadiria kuwa asilimia 40 hadi 60 ya familia zinazoanza tiba ya mtoto huikatisha njiani.

Gharama, umbali na ratiba za kazi huchangia, hilo linajulikana. Linalonisumbua mimi ni dalili zinazosomwa vibaya.

Chukua mtoto anayejibwaga chini na kupiga mayowe mpaka apewe anachotaka. Tunamwelekeza mzazi asimpe. Siku za mwanzo mtoto anaweza kuzidisha: mayowe makali zaidi, pengine na mateke. Anaisukuma kwa nguvu njia iliyomfaa siku zote. Mzazi asiyeonywa mapema huona tiba imemharibia mwanawe, akamtoa. Tena humtoa pabaya, maana mtoto ameshajua kiwango kipya cha mayowe kinacholipa. Hofu nayo ni hivyo hivyo. Anayeogopa shule husogezwa hatua kwa hatua kuelekea anachokiogopa, kwa hiyo asubuhi ya kikao tumbo litamuuma. Akibaki nyumbani atapata nafuu ya siku hiyo tu, na hofu itakomaa.

Utulivu wa ghafla pia hudanganya, ingawa kuna watoto wanaopona haraka kweli. Muulize mtaalamu kabla hujaamua.

Halafu kuna hili: mama amemleta mtoto kwa sababu ya alama za darasani, mtaalamu anashughulikia huzuni, na mtoto anachotaka ni wazazi waache kugombana. Watu watatu, safari tatu. Siku ya kwanza uliza: tunatibu nini, tutajuaje kwamba inasaidia, na ni wakati gani mambo yatakuwa magumu? Mtaalamu anayekerwa na maswali hayo, mbadilishe.

Na ikibidi kuacha, hata kama ni kwa kukosa fedha, sema. Mara nyingine vikao vinaweza kupunguzwa badala ya kukatwa. Isipowezekana, omba kimoja cha kuagana, mtoto asije akadhani yule mtu aliyemwambia siri zake amemchoka.