Kampuni ikimalizana na jimbo nje ya mahakama, usikimbilie fomu

Julai 2024, siku ilipotangazwa kwamba Meta, kampuni inayomiliki Facebook, italilipa jimbo la Texas dola bilioni 1.4 kumaliza kesi ya kutambua sura za watu bila ridhaa yao, kundi letu la WhatsApp hapa Dallas lilijaa swali moja: "Fomu tunajaza wapi?" Kesho yake dada mmoja ninayesali naye akanionyesha kiungo alichotumiwa. Kilitaka namba yake ya Social Security, ile namba ya siri ya kumtambulisha mtu hapa Marekani, na alikuwa ameshaiandika.

Fomu haikuwepo. Nimefanya kazi miaka sita katika ofisi ya mawakili, nikipitia nyaraka za kesi za kampuni, na naomba ndugu zangu mnielewe: kampuni inapokubali suluhu na jimbo, mara nyingi haikulipi wewe. Inanunua mwisho wa kesi.

Sheria ya Texas ya mwaka 2009 inakataza kuchukua alama za mwili wa mtu, sura ikiwemo, kwa shughuli za biashara bila kumwarifu na kupata ridhaa yake. Faini inafika dola 25,000 kwa kila kosa. Sasa fikiria picha zote ambazo Facebook ilitambua sura zetu. Hesabu ile ingewekwa mbele ya raia 12 wanaoamua kesi (jury) huko Marshall, mji mdogo wa mashariki mwa Texas ambako kesi ilifunguliwa, nani ajuaye wangeamua kiasi gani? Suluhu ilipatikana wiki chache tu kabla ya kesi kuanza kusikilizwa.

Faini peke yake haisukumi hivyo. Ninavyoona mimi, kinachoumiza zaidi ni nyaraka za ndani ambazo kesi huzilazimisha kutoka. Nimekaa usiku kucha nikisoma barua pepe ambazo waliozituma hawakuwaza kwamba zingesomwa na mgeni, na nimeona wakubwa wakibadilika sauti walipoambiwa zitasomwa kwa sauti mahakamani. Kampuni za sigara zilipoburuzwa mahakamani na Minnesota, mamilioni ya kurasa zao za ndani yaliishia mikononi mwa umma. Novemba 1998, majimbo 46 yalifikia nazo makubaliano ya takriban dola bilioni 206 kwa miaka 25. Na jimbo halichoki kama mimi na wewe tunavyochoka. Mawakili walioajiriwa katika ofisi yake wanalipwa mshahara kesi ichukue miaka mingapi.

Kwa hiyo soma makubaliano yenyewe, usiishie kwenye kichwa cha habari. Tafuta fedha zinakwenda wapi, na kampuni imeahidi kuacha nini. Meta, kwa mfano, haikukiri kosa lolote. Sheria ile ya Texas inampa Mwanasheria Mkuu wa jimbo peke yake haki ya kushtaki, ndiyo maana nawasihi: ukidhulumiwa, peleka malalamiko ofisini kwake. Ni bure. Jimbo haliwezi kufuatilia lisichokijua.

Dada yule tulikaa naye mezani hadi saa sita usiku, tukafunga taarifa zake za mikopo kwenye kampuni zote tatu kubwa zinazotunza rekodi hizo, ili tapeli asikope kwa jina lake.