Dogo wa Sweden atatoboa NHL? Acha kwanza kuhesabu magoli

Kila mwezi wa sita ukikaribia, drafti ya NHL (ligi kubwa ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, siku timu zinapochagua vijana kwa zamu) ikiwa mlangoni, simu yangu haipumui. Kuna ndugu zangu wa Mwanza hoki ya barafu wameijulia kwenye mikeka, yaani mtu barafu anaijua ya kwenye friji tu ila anakwambia Frölunda, timu ya huku Göteborg, Sweden, wakiwa nyumbani magoli huwa machache, halafu kuna wazazi wenzangu huku Göteborg, Wabongo, Wakenya, Wasomali, wana watoto kwenye timu na wanataka kujua kama wa kwao ana kitu au wanachoma hela. Swali ni lilelile, huyu fowadi dogo atafika? Basi ngoja niandike siku moja niwe natuma link tu.

Mi sio skauti, sijawahi kulipwa hata krona moja kwa haya maneno. Nimekaa tu kwenye benchi za uwanja wa Frölundaborg misimu mingi nikiangalia vijana wa J18 na J20, yaani chini ya miaka 18 na chini ya 20, mwanzo nilikuwa namsindikiza mwanangu, yeye akaacha akahamia kikapu, mi nikabaki. Mke wangu bado anauliza huwa naenda kufanya nini.

Haya. Ukitaka kumpima fowadi wa miaka 16 au 17, pointi ziweke pembeni kwanza. Najua ndo kitu rahisi kuona, magoli jumlisha asisti, unapata namba unaituma kwenye grupu. Shida ni kwamba kijana wa huku anaweza kucheza ngazi nne tofauti ndani ya msimu mmoja, J18, halafu J20 Nationell ambayo ndo ligi kubwa ya vijana, halafu HockeyAllsvenskan ambayo ni daraja la pili la watu wazima, halafu SHL yenyewe, ligi kuu ya Sweden, timu 14, kila timu mechi 52 kabla ya mchujo. Sasa mtu ananiletea screenshot, dogo ana pointi 50 J20, sawa, kazipata kwa nani? Mabeki wa J20 ni watoto wenzake wana mtihani wa hesabu Jumatatu. Kule SHL anakutana na jibaba la miaka 32 lina ndevu na mkopo wa nyumba, halimuachii mtoto hata nusu mita.

Mfano ninaoupenda ni msimu wa 2019–20. Lucas Raymond, mtoto wa hapahapa Göteborg, alicheza mechi 33 za SHL na Frölunda, magoli 4 asisti 6. Alexander Holtz wa Djurgården, wote wa 2002, mechi 35, magoli 9 asisti 7. Kwa makaratasi Holtz kamuacha. Drafti ya 2020 Detroit wakamchukua Raymond namba 4, New Jersey wakamchukua Holtz namba 7, na kuna watu nawajua waliona Detroit wamechemka. Msimu wa 2024–25 Raymond kamaliza na pointi 80, Holtz New Jersey walishampeleka Vegas tangu Juni 2024 na msimu huo alikuwa bado anatafuta namba ya kudumu. Holtz sio mbovu jamani, msimu wa 2023–24 alifunga 16 NHL, wangapi wanafunga 16? Lakini ukimuangalia wakati ule alikuwa ni shuti, shuti lake lilikuwa la kutisha kweli, ila unajiuliza siku wakimfungia njia ya kupiga kinabaki nini. Raymond alikuwa kwenye timu iliyotoka kuchukua ubingwa wa Sweden 2019, mafowadi wamejaa, yeye anapewa dakika chache kwenye safu za chini, na ndani ya dakika hizo ungeona anaiba paki (kile kisahani wanachogombania), anarudi nyuma kukaba, anapokea akiwa ameshajua anampa nani. Na kama ulikuwa huna uhakika, Aprili 2019 kwenye fainali ya dunia ya U18 kule Örnsköldsvik alishawafunga Warusi matatu, la mwisho muda wa nyongeza, likaipa Sweden dhahabu.

Kwa hiyo unaangalia nini? Mi naanza na shingo. Siku ukienda uwanjani chagua mchezaji mmoja, kipindi kizima cha dakika 20 usifuate paki, mfuate yeye tu. Mara ya kwanza utachoka vibaya sana sababu macho yanataka kukimbilia kule kwenye kelele. Angalia pale beki wake anapotaka kumpasia na yeye yuko ubaoni, ukingoni mwa uwanja, mgongo umeelekea katikati ya uwanja. Je kageuza shingo kuchungulia nyuma kabla paki haijafika? Wengine wanageuza mara mbili, chap chap, bega la kushoto, la kulia, paki inafika kwenye gongo na inaondoka hapohapo kwenda kwa senta anayepita katikati, hata hujaona kilichotokea ila timu nzima imeshatoka kwenye eneo lao. Mwingine anaipokea ndo anaanza kutafuta, akiinua kichwa kuna mtu kilo 95 ameshamkandamiza kwenye kioo. Huyu wa pili anaweza akawa ndo kinara wa magoli wa J18, na uwanja mzima unaimba jina lake, mi namkatia tamaa mapema. Kugeuza shingo kunafundishika ndio, ila mpaka miaka 17 kama bado hajui makocha wa watu wazima hawana muda huo.

Na hapa kuna suala la uwanja wenyewe. Viwanja vingi vya Sweden ni mita 60 kwa 30, NHL urefu ni karibu uleule ila upana ni kama mita 26. Mita nne unaweza kuona sio kitu, lakini zinatoka pembeni, na pembeni ndo kichaka cha kujificha cha fowadi mwenye mbio asiyependa kugongwa. Anazunguka nje kwa kasi, watu wanashangilia, anapiga shuti kutoka kona ambayo kipa hata hababaiki. Kwenye uwanja mwembamba hiyo njia haipo. Kwa hiyo jiulize, akiwa na paki anaingia ndani mbele ya goli au anazunguka nje? Akiingia ndani akapigwa akaanguka, zamu inayofuata anarudi palepale au anaanza kukaa mbali? Kuna kijana mmoja wa J18 nilimfuatilia msimu mzima, mdogo wa umbo, alikuwa anapigwa kama ngoma na anarudi tu, kocha akamuweka safu ya nne, ya mwisho, magoli machache sana. Mfungaji bora wa timu ileile aliacha hoki akiwa na miaka 19, huyu mdogo leo anakula mshahara Allsvenskan. Sio NHL, lakini ni kazi, na wazazi wengi wanasahau kwamba kuna kazi pia Allsvenskan, Finland, Uswisi, Ujerumani, maisha ya hoki hayaishi kwa timu 32 za kule.

Umbo lisikutishe sana. Elias Pettersson, kijana wa Ånge, walisema ni mwembamba mno, upepo utambeba. Msimu wa 2016–17 alikuwa Timrå daraja la pili, pointi 41 mechi 43, Vancouver wakamchukua namba 5, msimu uliofuata akaenda Växjö akapata pointi 56 mechi 44 akaongoza SHL nzima akiwa na miaka 19, wakabeba ubingwa, mwaka 2019 akachukua tuzo ya Calder ya mchezaji mpya bora wa NHL. Nyama zinaongezeka gym. Kitu kinachonitisha ni miguu, dogo asiyeweza kuondoka kwa hatua tatu za kwanza, au anayegeuka upande mmoja vizuri na mwingine anayumba kama gari lenye taili bovu, huyo ukimpa kilo 10 za misuli unamuongezea mzigo tu. Angalia pia kazaliwa mwezi gani. Kwenye timu za vijana, aliyezaliwa Januari anacheza na wa Novemba kama wa rika moja, wakati miezi hiyo kwa mtoto wa 15 ni sentimita kadhaa na sauti tofauti kabisa. Pettersson ni wa Novemba. TV-pucken, lile shindano la wilaya la vijana linalooneshwa tangu 1959, mi napenda kuliangalia lakini huwa natafuta wale wa mwisho wa mwaka wanaohangaika bila kuzama.

Namba ya drafti nayo usiilie. Drafti ina raundi 7, timu 32, majina 224, na Wasweden wamejaa huko chini. Jesper Bratt alikuwa AIK daraja la pili, New Jersey wakamchukua namba 162 mwaka 2016, 2024–25 kapiga pointi 88. Henrik Zetterberg namba 210 mwaka 1999, na waliomuona wa Detroit walikuwa wamefunga safari kumuangalia mtu mwingine kabisa, Mattias Weinhandl, wakashangaa mbona paki muda wote iko kwa kale kafupi. Mwaka 2008 kakabeba Conn Smythe, tuzo ya mchezaji bora wa mchujo wa NHL. Daniel Alfredsson wa hapa mjini alichukuliwa namba 133 akiwa na miaka 21 tayari. Na kwa sisi wa Afrika Mashariki, Johnny Oduya, baba Mkenya, kazaliwa Stockholm, yeye beki ila habari ni ileile, Washington wakamchagua namba 221 mwaka 2001, mkataba hawakumpa, akazunguka ligi za Sweden, akapita hapa Frölunda 2005–06, NHL kaingia na New Jersey akiwa na miaka 25 na akaja kuchukua Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, mara mbili na Chicago, 2013 na 2015. Mtoto akipitwa na drafti ya miaka 18 msianze matanga.

Sasa wazazi, hapa nasema na nyie. Kuanzia miaka 15 mawakala wanaanza kupiga simu, wanavaa vizuri, wanaongea vizuri. Msikilizeni, mnyweshe kahawa, muulize kitu kimoja tu, udhaifu wa mwanangu ni nini? Akikosa jibu ujue hajawahi kumuangalia, kasoma pointi mtandaoni. Na mtoto akitakiwa na shule ya hoki ya mbali, Skellefteå sijui Örnsköldsvik, miaka 16 anaenda kupanga peke yake kwenye baridi na giza, swali la kumuuliza kocha wa huko ni je atacheza dakika ngapi na msimu uliopita wangapi wa J20 walipandishwa kufanya mazoezi na wakubwa. Jina la klabu halichezi. Kijana anayecheza dakika 15 Allsvenskan mi namhesabia zaidi ya anayekalia benchi la SHL apigwe picha. Ndo maana Anton Frondell hakunipa shida, mechi 29 za daraja la pili na Djurgården 2024–25, pointi 25, anapangwa na watu wazima katika hali ngumu, Chicago wakamchukua namba 3 mwaka 2025 na sikushangaa.

Mwenye mtoto huku, au anayepita Göteborg kutembea, mechi za J20 zinaanza mwezi wa tisa, vaa koti hata kama nje kuna jua maana ndani ni friji. Usikae katikati na wazazi wengine wanaopiga kelele. Simama kwenye kona ya eneo la timu pinzani, karibu na kioo, hapo ndo utaona nani anaifuata paki na nani anageuka dakika ya mwisho kabla hajagongwa. Ukimaliza vipindi viwili niandikie jina lake na ulichokiona, magoli usiniandikie.