Barua kwa mwanangu: chagua jioni kwanza, kitanda baadaye

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu zako nimezipata, na za mkwe wangu pia. Umeniuliza mambo mawili. Kwanza, mkija Dar kutoka Dodoma kwa SGR, treni ya umeme, kulala siku mbili, Ijumaa hadi Jumapili, mfikie eneo gani kwa laki mbili kwa usiku au pungufu. Pili, jioni mwende wapi pasipokuwa maduka. Ukaongeza kwamba nisinune kwa kuwa hamfikii nyumbani. Sijanuna. Waliooana mwaka jana wakitaka kutoka wawili hawaji kulala sebuleni na binamu watano.

Umetaja wikiendi mbili, ya kwanza ya Julai na ya mwisho. Chukua ya mwisho. Maonesho ya Sabasaba huanza 28 Juni na kupita tarehe 7 kwa siku kadhaa, na watu wa mikoani hujaza vyumba vya bei ya kati kuanzia Kariakoo hadi Kurasini. Kilwa Road hapo huwa haina jioni wala asubuhi, ni foleni tu. Mwisho wa Julai vyumba vinapumua, mvua za masika zimekwisha, na kusi inavuma hata usiku unalala bila jasho.

Kosa la wageni wengi wa siku mbili ni kuanza na hoteli. Wanaona picha nzuri ya bwawa, wanalipia, halafu wanagundua kila wanachokitaka kiko upande wa pili wa jiji. Wewe anza na jioni. Julai jua la Dar huzama kama saa 12 na dakika 20, na nusu saa baadaye ni giza totoro. Foleni nayo hukaza tangu saa 10 mpaka saa 2 usiku, magari yakitoka mjini kwenda nje. Kwa hiyo mtu aliyelala Mbezi Beach akitaka kuona jua likizama Msasani inabidi atoke saa 9, na akirudi amechoka. Kitanda kiwe upande ule ule wa jioni yako, au kiwe mahali ambapo unakwenda na kurudi bila kupigana na foleni.

Sasa maeneo. Mbezi Beach na Kunduchi ni kuzuri kwa mtu anayetaka kufunga geti na kukaa ufukweni siku zote mbili. Ni kama kilomita 20 kutoka stesheni, na nyinyi mnataka jiji, basi waachieni wengine. Kigamboni vivyo hivyo: pantoni yenyewe inavuka kwa dakika chache, ila Jumapili jioni foleni ya kurudi ndiyo safari. Kariakoo iko karibu na stesheni na vyumba ni vingi, lakini mikokoteni huanza kabla ya alfajiri. Sinza na Kijitonyama ndiko laki moja inakupa chumba kikubwa kuliko kote, na kwa siku za kazi ningekupeleka huko. Ijumaa na Jumamosi hapana. Spika za baa hazizimwi mpaka usiku mkubwa, na baadhi ya nyumba zina wageni wa saa moja moja. Ukiona ubao wa bei una mstari wa “mapumziko”, elewa milango itagongwa usiku kucha.

Masaki na Oysterbay ndiko jioni zenyewe ziliko, na bei inajua hilo. Kwa laki mbili utapata chumba cha nyuma ya nyumba ya mtu, chenye dirisha linalotazama ukuta.

Ningekuwa nyinyi ningelala Upanga, au Posta upande wa Kisutu na Garden Avenue. Mkishuka kwenye SGR mnafika hotelini kwa dakika kumi za gari. Upanga ina miti na usiku wake ni mtulivu. Posta ina kasoro moja ya kuijua mapema: Jumamosi baada ya saa 8 mchana ofisi zimefungwa na mitaa inabaki tupu, na Jumapili ni tupu kabisa. Mchana haina neno. Usiku msitembee kwa miguu mitaa hiyo na simu mkononi. Bodaboda ya kunyakua haipigi honi.

Sasa namna ya kuchukua chumba, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa kwa heshima zote. Piga simu hotelini mwenyewe, usitosheke na picha za mtandaoni, nyingine zilipigwa rangi ya ukuta ikiwa bado mbichi. Uliza hivi, kwa mpangilio huu: bei ni ya chumba au ya mtu? Chai ya asubuhi imo, na ni ya watu wawili? VAT imo? VAT ya kawaida ni asilimia 18, na chumba cha 180,000 kikiongezewa hiyo kinakuwa 212,400, tayari umeshapita laki mbili zako. Ukitajiwa bei kwa dola, waombe kwa upole wakutajie shilingi. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni. Uliza pia saa ya kutoka. Hoteli nyingi za kati hutaka chumba kiwe wazi saa 4 asubuhi, na saa 4 ya Jumapili ukiwa na mkeo inafika upesi mno. Omba saa 6 mapema, kwa simu, siyo asubuhi ile ile ukiwa na taulo begani.

Wakitaka malipo ya awali, lipa kwa Lipa Namba, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa jina la hoteli, endelea. Likiwa jina la mtu, simama. Mwambie utalipa ukifika. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukiipata ndiyo ushahidi wako.

Mkifika, msipandishe mabegi. Omba kuona chumba kwanza, ni jambo la kawaida wala si ukorofi. Washa AC ukiingia tu, uiweke 24, uiache ifanye kazi wakati unakagua mengine. Baada ya dakika kumi simama chini yake. Kama inatoa upepo wa kawaida au inadondosha maji ukutani, haitapona usiku. Fungua bomba la moto na uhesabu: dakika mbili zikipita na maji bado baridi, hita ama imezimwa kwenye swichi ya nje ya bafu, ama imekufa. Uliza ni ipi. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Sabuni ikikataa kutoa povu, maji ni ya kisima na yana chumvi. Hayadhuru kuoga, lakini mkwe wangu akiosha nywele atakulaumu wewe, kwa hiyo nunueni maji ya chupa kubwa ya kusuuzia. Vuta maji chooni mara moja na usikilize kama tangi linajaa tena. Chandarua kikunjue kabisa, matundu hukaa pembeni karibu na kamba.

La mwisho ni dirisha. Uliza jenereta iko upande gani, kwa sababu umeme ukikatika saa 8 usiku itawaka, na chumba kilicho juu yake hakilaliki. Ghorofa ya tatu au ya nne, upande wa nyuma, ndiyo nzuri: juu ya kelele za barabarani, na bado unaweza kupanda ngazi lifti ikigoma. Ghorofa ya tisa ina mandhari, ila uliza kwanza kama lifti inaendeshwa na jenereta. Chumba kikiwa na kasoro, omba kingine hapo hapo. Mhudumu wa mapokezi anakuwa na vyumba viwili vitatu mkononi mpaka saa 12 jioni. Baada ya hapo hata akikupenda hana cha kukupa.

Jioni ya Ijumaa msiende mbali. Foleni ya Ijumaa ni mbaya kuliko zote na nyinyi mtakuwa mmetoka safarini. Kuleni mjini. Kona ya Morogoro Road na Mtaa wa Libya wako Mamboz, kuku wa kuchoma na naan, moshi unauona kabla hujaona kibao. Chukueni gari hata kama ni karibu, mkae meza za ndani kidogo kwa sababu zile za pembeni zinapokea moshi na waombaji, na mwambieni pilipili iwekwe pembeni. Ukisema “kidogo tu” utaletewa kipimo chao cha kidogo.

Jumamosi ndiyo siku yenu. Na hapa kuna jambo ambalo hata wenyeji hulikosea: Coco Beach inatazama mashariki. Jua halizami baharini pale, linazama nyuma yako kwenye majumba. Anayetaka kuliona likishuka ng'ambo ya maji aende Slipway, upande wa magharibi wa rasi ya Msasani, unaotazama ghuba. Tokeni Upanga saa 10 na nusu. Dereva mwambieni apite Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, asiende kujibana Salenda. Mfike saa 11 na robo, mpate meza ya mbele; saa 12 kamili zimeshakwisha. Soda au juisi moja moja inatosha, msile hapo. Chakula kiko Coco, mwendo mfupi wa bajaji.

Kabla ya kwenda Coco angalieni mwezi. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu au mwezi mchanga, maji ya Dar hujaa mnamo saa 10 jioni na kupwa mnamo saa 4 usiku. Kwa hiyo mkifika baada ya magharibi maji yanarudi nyuma na mchanga unazidi kupanuka, mnaweza kutembea. Siku za maji mafu ni kinyume: yanajaa usiku huo, ingawa hayaji kwa kishindo. Na mwezi ukiwa mpevu huchomoza mbele yenu baharini karibu na wakati jua linapozama. Jumba la maonesho halikupi kitu kama hicho.

Kula Coco kuna ufundi wake. Kusi inavuma kutoka kusini mashariki, basi kaeni upande huo wa jiko, moshi uende kwa wengine. Muhogo usiuchukue uliopangwa kwenye sinia. Ule umekaangwa mapema na utaletewa uliopashwa, ngumu nje na mkavu ndani. Mwambie akutolee wa karaini. Mzuri unapasuka wenyewe katikati, ndani mweupe kama unga, hauna nyuzi. Hapo ndipo unatiwa chumvi, ndimu na pilipili, ukiwa bado unatoa mvuke. Mishikaki nayo chagua jiko lenye watu wanaosubiri, maana nyama pale hailali. Vunja kipande kimoja uangalie ndani kabla ya kuagiza kumi. Samaki na pweza ulizeni bei kabla hawajawekwa mafuta, na bei hiyo iwe pamoja na kachumbari na ndizi. Watu wengi hupatana samaki, halafu sahani ndiyo inawagharimu. Bebeni noti ndogo. Chenji ya kumi elfu pale huwa inakwenda “kwa jirani” na hairudi upesi. Mkwe abebe khanga nzito au sweta, upepo wa Julai si wa mchezo.

Mkitaka muziki baada ya hapo, uliza mapokezi Jumamosi mchana ni wapi dansi linapigwa wiki hiyo, kwani kumbi hubadilika. Bendi ya Msondo Ngoma ipo tangu 1964 na Sikinde tangu 1978, na bado ni watu wazima wanaocheza wakiwa wameshikana. Tangazo likisema saa 2 usiku, saa 2 ndiyo kwanza vyombo vinapangwa jukwaani. Muziki unanoga saa 4. Kaeni mbali na spika, karibu na ukuta. Ikiwa ni taarabu, tenga noti za elfu moja za kutunza, na uende kutunza wakati wa kibwagizo, siyo msanii akiwa kwenye beti. Gari la kurudi iteni mkiwa bado ndani ya geti, na linganisheni namba ya gari kabla ya kufungua mlango.

Jumapili asubuhi msijipangie kitu kikubwa. Makumbusho ya Taifa yako Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea, mnaweza kwenda na kurudi kabla ya kukabidhi chumba. Mabegi yaacheni mapokezi, hawatozi.

Halafu njooni Mbagala kwa chakula cha mchana, saa 6 na nusu, msichelewe. Nitapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Treni yenu mkiikata ya jioni, ondokeni hapa saa tatu nzima kabla haijaondoka, kwa sababu Kilwa Road ya Jumapili haitabiriki na stesheni mnatakiwa mfike mapema, wote wawili na vitambulisho vyenu mkononi. Mkwe asinunue zawadi. Akisisitiza, aniletee zabibu za huko Dodoma, kilo moja tu, na zisije chini ya begi.

Mama yako